Sentimita Mbili za Sakinah

Kila siku baada ya sala ya alfajiri, Sakinah alifagia kibaraza cha mama yake kabla ya kwenda shule. Kibaraza chenyewe kilikuwa kidogo, kimebanwa kati ya duka la simu na stoo ya mahindi, hatua chache kutoka geti la mpaka wa Busia, upande wa Uganda. Mama yake, Hajarah, alikuwa fundi wa kushona. Alishona sare za shule, kanzu na magomesi, yale magauni marefu ya wanawake wa Uganda, na vipande vya vitambaa vilitapakaa chini kila siku kana kwamba hapajawahi kufagiwa.

Akiwa anafagia, Sakinah aliwatazama wapagazi wakikusanyika kwenye benchi refu mbele ya stoo. Walikunywa chai, wakataniana kwa Kiswahili, Kisamia na Kiteso vyote kwa pamoja, kisha wakaanza kuvusha magunia. Aliwajua wote. Alijua kwamba Nasrudin hanywi chai isiyo na tangawizi, na kwamba Kevo, kijana wa upande wa Kenya, hajawahi kufika mahali kimyakimya. Alikuwa akiwaona tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Ndiyo maana jambo lililotokea darasani lilimuuma sana.

Sakinah alikuwa darasa la sita. Kwa miaka mitatu mfululizo alikuwa wa kwanza katika sayansi, na hakuwa mtu wa kuficha sifa zake. Mwalimu Obore akiuliza swali, darasa zima lilimgeukia Sakinah hata kabla hajanyoosha mkono. Kisha, mwanzoni mwa mwaka huu, akaja msichana aitwaye Atai.

Atai alitoka Iyolwa, wilaya ya Tororo, ambako baba yake alilima mihogo na mtama. Alikuja Busia kuishi na shangazi yake. Alizungumza polepole, alikaa dawati la nyuma, na sweta lake lilikuwa limetiwa viraka kwenye viwiko. Kwa wiki mbili hakuna aliyejishughulisha naye. Wiki ya tatu Mwalimu Obore akasema, "Atai, hebu njoo uwaelezee wenzako," naye Sakinah, aliyekuwa ameshaanza kunyoosha mkono, akaushusha.

Tangu siku hiyo alianza kuhesabu. Jumanne moja Mwalimu alitaja jina la Atai mara saba. La Sakinah alilitaja mara mbili, na mara moja kati ya hizo ilikuwa kumwambia afunge dirisha. Wivu ukishamkamata mtu, hata namna mwenzake anavyokunywa maji humkera. Sakinah alikerwa na kicheko cha Atai, akakerwa na mwandiko wake, akakerwa na vile viraka vya sweta, ingawa viraka havikuwa vimemkosea kitu.

Kisha likaja somo la anga.

"Huko juu," Mwalimu Obore alisema, "kuna kituo kinachoizunguka dunia, na ndani yake wanaishi watu. Hao ni wanaanga. Wanaelea. Hakuna uzito unaowakandamiza kama sisi hapa. Nani anadhani hayo ni maisha mazuri?"

Mikono yote iliinuka.

"Haya, sikilizeni. Maji ya mwili yanapanda kichwani, uso unavimba, miguu inakonda. Misuli inalegea kwa kukosa kazi. Mifupa inapungua nguvu mwezi hadi mwezi, kwa sababu mfupa usiobeba kitu mwili unauona hauna faida. Kwa hiyo wanaanga hufanya mazoezi kama saa mbili kila siku. Na bado wakirudi duniani, wengine hushikwa mkono kama watoto wanaojifunza kutembea."

"Na mgongo, Mwalimu?" aliuliza Sakinah haraka. Alikuwa ameshasoma sura hiyo nyumbani. "Mgongo unarefuka!"

"Sawa kabisa. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini. Hapa duniani uzito wetu unavibana. Kule havibanwi, vinatanuka, na mtu anaweza kurefuka hata sentimita tano."

Ojiambo, mvulana mfupi kuliko wote darasani, aliruka juu. "Mwalimu, mimi nipeleke huko! Nikae wiki mbili tu!"

"Ukirudi, Ojiambo, dunia itakurudisha ulivyokuwa," alisema Mwalimu. Darasa likavunjika mbavu.

Kicheko kilipotulia, Atai alikuwa amenyoosha mkono. "Mwalimu, kama mgongo unarefuka pasipo na uzito, basi wale wapagazi wa pale mpakani, wanaobeba magunia kutwa nzima, si wanafupika?"

Mwalimu Obore aliweka chaki mezani, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ndivyo alivyofanya kila alipofurahi sana.

"Rudia hilo swali," alisema. "Polepole. Nataka kila mtu aliandike."

Sakinah aliandika huku kalamu ikitoboa karatasi. Wapagazi! Wapagazi wake! Kila asubuhi walikaa mbele ya macho yake, tena siku zote, na yeye hakuwahi kujiuliza lolote. Na huyu aliyetoka Iyolwa juzi tu amekuja kuwaokota pale kama mtu aokotavyo embe lililoanguka.

Mambo hayakuishia hapo. Mwezi uliofuata kulikuwa na maonyesho ya sayansi mjini Tororo, na kila shule ilitakiwa kupeleka kazi moja. Sakinah alikuwa amekwisha kuchora roketi kubwa kwenye karatasi ya manila, rangi tatu, moto ukitoka nyuma. Hakuwa na shaka hata kidogo. Mwalimu aliitazama ile roketi, akasema ni nzuri, kisha akasema kazi ya shule itakuwa swali la Atai.

"Atai atasimama kueleza. Sakinah, wewe utamsaidia kupima, maana wapagazi wanakujua."

Kumsaidia! Sakinah alisema "Ndiyo, Mwalimu," akatabasamu kwa meno tu.

Mpango ulikuwa rahisi. Wangepima wapagazi watano asubuhi, kabla hawajabeba hata gunia moja, kisha wawapime tena jioni. Mwalimu alisema wapime kimo cha kukaa, kuanzia kwenye benchi hadi utosini, kwa kuwa kinachobanwa ni mgongo, miguu haihusiki. Jioni wangetumia tepu ya shule. Lakini tepu ya shule haikuruhusiwa kulala nje ya ofisi, na asubuhi ofisi ilikuwa bado imefungwa.

"Asubuhi tutumie ya mama yako," Atai alimwambia Sakinah. "Atakubali?"

Mama alikubali mara moja. Tepu yake aliivaa shingoni kutwa nzima, lakini saa ile ya asubuhi wateja walikuwa hawajaja. Tepu hiyo ilikuwa na jambo lake. Ncha yake ilikuwa imechakaa kwa miaka mingi ya kazi, ikaanza kuchanika, na Mama akaikata kwa mkasi pale penye alama ya sentimita mbili. Mafundi wengi hufanya hivyo, kwani tepu mpya ya nini na ya zamani bado inafanya kazi? Tangu hapo kila alipopima mtu alitoa mbili kichwani. Kiuno kikisoma themanini, alimwambia Sakinah aandike sabini na nane. Kwa Mama na Sakinah lilikuwa jambo la kawaida kama kuvua viatu mlangoni.

"Mwambie mwenzako inaanzia mbili," alisema Mama akimkabidhi. "Yeye si mtoto wa fundi, hawezi kujua."

"Nitamwambia, Mama."

Na kweli alikusudia kumwambia. Jumatatu asubuhi wapagazi waliketi kwenye benchi, wamenyooka kama wanaopigwa picha. Atai alikuwa na daftari na kitabu kigumu cha kuweka utosini. Sakinah alifungua mdomo.

"Atai, hii tepu..."

"Wewe shika tu hapo chini," Atai alisema, macho yakiwa kwenye daftari. "Mimi nitasoma."

Shika tu hapo chini. Atai hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na haraka kwa sababu Kevo alikuwa ameshaanza kulalamika. Lakini maneno hayo yalimchoma Sakinah kama sindano. Yeye, wa kwanza miaka mitatu, ashike tu chini! Basi akachuchumaa, akaibana ncha ya tepu kwenye benchi, na kidole gumba chake kikafunika ile namba mbili.

"Nasrudin, tisini na moja," alisoma Atai.

"Mimi narefuka kweli!" alisema Nasrudin, akicheka. "Mama yangu nakwenda kumwambia."

"Mtoi, fanya chapchap, kazi imejaa," alisema Kevo, ambaye watoto wote aliwaita mtoi. "Nipime nijue kama mimi ni mrefu kuliko huyu mzee."

Jioni, kwa tepu ya shule, Nasrudin alisoma themanini na nane. Kevo naye alipungua sentimita tatu. Atai alipiga kelele ya furaha katikati ya barabara. Walipima siku tano, asubuhi kwa tepu ya fundi na jioni kwa ya shule, na kila siku Sakinah alishika chini na hakusema neno.

Siku ya pili Mama alimwuliza, wakichambua mchele, "Ulimwambia mwenzako habari ya tepu?"

"Ndiyo, Mama," alijibu Sakinah. Jibu lilitoka jepesi hata yeye mwenyewe akashangaa.

Alijiambia kwamba hajadanganya, amenyamaza tu. Ila kwa Mama alikuwa amedanganya, hilo alilijua. Alijiambia pia kwamba Atai, kama kweli ni hodari kama wanavyomsifu, angetazama mwenyewe. Mtu akiwa na kijicho hakosi sababu. Na usiseme hakufurahi. Alifurahi. Kila Mwalimu aliposifu zile sentimita tatu, Sakinah alicheka moyoni, akingoja siku ambayo mtu mwenye akili zake angeuliza swali.

Jambo moja tu lilimvuruga. Siku mbili kabla ya safari, Atai alimletea bango. Lilikuwa na michoro ya mwanaanga anayeelea na mpagazi mwenye gunia, na jedwali lenye majina matano: Nasrudin, Kevo, Swabur, Allan na Mzee Ekwaro. Chini kabisa, kwa herufi za wino mwekundu, kulikuwa na majina ya waandaaji. La kwanza lilikuwa Sakinah.

"Nimekuweka mbele," alisema Atai. "Bila wewe wale wasingekubali kupimwa na mtu kutoka Iyolwa. Halafu Sakinah, unajua? Baba anakuja Tororo. Hajawahi kuniona nikisema mbele ya watu. Amesema atavaa koti."

Hapo ndipo angesema. Nafasi ilikuwa wazi kabisa. Badala yake Sakinah aliona wivu mpya juu ya ule wa zamani, kwamba Atai alikuwa hodari na tena alikuwa mwema, na hakumwachia mtu hata kimoja. "Ni zuri," alisema, akamrudishia bango.

Ukumbi wa maonyesho ulijaa kabla ya saa nne. Shule kutoka Mwello zilileta majiko, kutoka Masaba walileta chujio la maji, na kila meza ilikuwa na watu. Mzee Edeku, baba yake Atai, aliketi mstari wa mbele. Koti lake lilikuwa la sufu nzito, jua la Tororo nalo halikuwa na huruma, lakini hakulivua. Mwalimu Obore alikaa pembeni yake. Sakinah alisimama kando ya bango na begi lenye tepu ya mama yake, maana walikuwa wameiazima ili waonyeshe jinsi walivyopima.

Atai alieleza vizuri. Sakinah alitaka asieleze vizuri, na kila sentensi iliyokwenda sawa ilimkera. Alieleza visahani vya mgongo, akaeleza uso unaovimba na miguu inayokonda, akaeleza mazoezi ya saa mbili. Kisha akaonyesha jedwali. "Wanaanga wanarefuka kwa kukosa uzito. Wapagazi wa Busia wanafupika kwa kuubeba. Wastani ni sentimita tatu kwa siku."

Watu walipiga makofi. Mmoja wa waamuzi watatu hakupiga. Alikuwa mwanamke mrefu, Daktari Asio, ambaye kazi yake ilikuwa kutibu watu wenye maumivu ya mgongo. Alisogea karibu na bango, akasoma jedwali mstari kwa mstari.

"Tatu?" alisema. "Nimetibu migongo miaka kumi na miwili. Mtu hupungua kidogo kutoka asubuhi hadi jioni, hilo ni kweli. Sentimita moja, pengine moja na nusu. Wewe unasema tatu, tena kwa watu ambao walikuwa wameshaamka na kutembea, na mgongo hupungua zaidi saa ile ya kwanza. Nani alisoma hizi namba?"

"Mimi, Daktari."

"Ulizisoma, au ulisikia kwamba wanaanga hurefuka tano ukaona tatu inapendeza?"

"Nilizisoma," alisema Atai. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Sikutunga."

"Binti, hakuna aibu kukosea. Aibu ni kutunga. Niambie ukweli tu."

"Sikutunga, Daktari. Kweli sikutunga." Akaelekeza tena fimbo ya kuonyeshea kwenye jedwali. Nyuma wanafunzi wa shule nyingine walinong'ona, na mmoja akacheka. Mzee Edeku alisimama, akatazama kulia na kushoto kama anayetafuta mtu wa kumuuliza, kisha akaketi tena taratibu. Alianza kufungua vifungo vya koti.

Ndiyo siku aliyokuwa akiingoja Sakinah. Imefika, na imefika vilevile alivyoitamani. Mtu mwenye akili zake ameuliza swali, Atai ameshindwa kujibu, na jina lake halitatajwa tena mara saba. Sakinah alingoja ile furaha aliyokuwa ameitunza wiki nzima. Haikuja. Alichokiona ni yule mzee akivua koti lake, akilikunja magotini, macho chini.

"Hakutunga," alisema Sakinah.

Hakuna aliyesikia. Akapiga moyo konde, akasema kwa nguvu, "Daktari, hakutunga! Alisoma kilichoandikwa. Ni tepu."

Watu wote walimgeukia. Alifungua begi, vidole vikikataa kazi, akamkabidhi Daktari Asio ile tepu. "Inaanzia mbili. Mama aliikata ncha. Asubuhi tulitumia hii, jioni tukatumia ya shule ambayo ni nzima. Kwa hiyo kila namba ya asubuhi ina sentimita mbili za bure."

Daktari alinyoosha ncha ya tepu mbele ya macho yake. "Naam. Na nani aliishika ncha hii kwenye benchi?"

"Mimi."

"Hukuona?"

Sakinah alimtazama Mwalimu Obore, ambaye alikuwa amevua miwani lakini haifuti. Angeweza kusema kwamba hakuona. Ingekuwa rahisi, na wangemwamini. "Niliona," alisema. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Mama aliniambia nimwambie Atai, na sikumwambia. Aliponiuliza, nilimjibu kwamba nimeshamwambia. Niliifunika kwa kidole."

"Kwa nini?"

Machozi yalikuwa yamefika. "Nilimwonea wivu. Zamani nilikuwa mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Ukweli wa namna hiyo haupigiwi makofi. Atai alimtazama mwenzake kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Halafu akageuka, akachukua kalamu ya wino mezani.

"Daktari," alisema, "kama kosa ni mbili kila asubuhi, naweza kutoa mbili hapa hapa?"

"Toa, nione."

Mbele ya ukumbi mzima Atai alikata namba zake kwa mstari mmoja kila moja, zikaonekana bado, akaandika mpya pembeni. Nasrudin, moja. Kevo, moja. Swabur, moja na nusu. Allan, moja. Alipofika kwa Mzee Ekwaro, aliandika nusu.

Daktari Asio aliinama. "Huyu ana umri gani?"

"Ana zaidi ya miaka sitini, Daktari. Amebeba magunia tangu ujana."

"Basi hii nusu ndiyo inayonivutia mimi. Visahani vya wazee vimekauka, havina kingi cha kupoteza. Ile tatu yenu ingenificha hili. Sikilizeni, siwezi kuwapa tuzo leo. Tepu mbili si kipimo. Lakini nendeni mkapime upya kwa tepu moja, asubuhi na jioni, wiki mbili, na mniletee majibu hospitalini. Nitayasoma mwenyewe." Akamgeukia Mzee Edeku. "Mzee, nilimwuliza mwanao swali gumu mbele yako. Ni mkweli. Nataka ulisikie kutoka kwangu."

Tuzo ilikwenda kwa watu wa chujio la maji. Nje ya ukumbi, kwenye ngazi, Atai alikaa peke yake akila chapati. Sakinah alimsogelea, akasimama hatua tatu mbali naye.

"Nisamehe," alisema.

Atai alitafuna, akameza. "Nilikuweka jina mbele."

"Najua."

"Bado nimekasirika, Sakinah. Sitaki kukudanganya."

"Sawa."

Mwalimu Obore alikuja, akaketi kwenye ngazi bila kujali suruali yake. Hakupaza sauti, na hilo lilimwogopesha Sakinah zaidi. "Jumatatu utamweleza mama yako kila kitu, nami nitakuwepo," alisema. "Amekuamini na tepu yake ya kazi, ukamdanganya. Kisha utawaeleza darasa. Roketi yako ilikuwa nzuri, Sakinah, na akili yako ni nzuri. Hakuna aliyekunyang'anya. Mimi nilipomwita Atai mara nyingi, nilidhani ninyi wawili mtasukumana mbele. Sikuona kwamba nakuacha nyuma, na hilo ni kosa langu pia. Lakini kidole kilikuwa chako."

"Ndiyo, Mwalimu."

Mzee Edeku alikuwa amesimama nyuma yao, koti mkononi. Sakinah aliinuka haraka akapiga magoti kumsalimu, kama apigavyo binti mbele ya mzee. Alitarajia maneno makali, na alijua yanamstahili.

"Inuka, mwanangu," alisema mzee. Kiswahili chake kilikuwa kifupi na kizito. "Mimi sijui habari ya mgongo na anga. Najua hivi. Leo mtoto wangu nasikia anaitwa mwongo, mimi niko hapo nimekaa. Wewe ndiyo ulileta hiyo aibu. Na ni wewe umeiondoa. Mtu mwingine angekaa kimya."

Sakinah alilia bila kujificha.

"Yule mwalimu anasema huko juu mifupa inalegea kwa sababu haibebi kitu," aliendelea mzee. "Na sisi moyo ni hivyo hivyo. Kusema ukweli ni mzigo, tena mzito. Wewe siku tano uliukataa, moyo wako ukalegea mpaka unamdanganya mama yako bila kuumia. Leo umeubeba mara moja, angalia unavyotetemeka! Ubebe kila siku, mdogo mdogo. Utazoea. Na mwenzako akikushinda, mwambie umeshinda. Huo nao ni ukweli."

Sakinah alifuta uso kwa upindo wa hijabu. Alimgeukia Atai. Maneno yalikuwa mafupi, lakini hakuwahi kutamka mengine yaliyomgharimu kama hayo.

"Lile swali la wapagazi," alisema. "Mimi ninakaa nao kila asubuhi, na sikulifikiria. Ulinishinda, Atai."

Atai alimtazama baba yake, kisha akamtazama Sakinah. Alisogea kidogo kwenye ngazi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Kaa," alisema, akakata chapati yake vipande viwili.